Mwenye gari hili tafadhali atoke nje



Tangazo lile unalijua. Kwaya imemaliza kuimba, mchungaji anajiandaa kupanda mimbarini, na mzee wa zamu anasogea kwenye kipaza sauti na kikaratasi mkononi. "Samahani wapendwa. Mwenye gari namba T mia nne na kadhaa, D na herufi mbili mbele yake, Toyota ya rangi ya fedha, tafadhali akaliondoe. Amewafungia wenzake njia." Kanisa linatulia. Hainuki mtu. Kila mmoja anamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Baada ya dakika mbili hivi dada mmoja wa safu za nyuma anamshika mtoto mkono kama anayempeleka msalani, na wote tunajua kuwa ndiye.

Katika usharika wetu, hapa Dar es Salaam, kuna mtu mmoja asiyeweza kutoka kwa njia hiyo. Gari lake limeandikwa jina lake. Si namba, ni jina la ukoo, herufi nyeusi juu ya kibao cha njano, mbele na nyuma. Likifunga njia, mzee wa zamu hahitaji kusoma chochote. Anatazama tu upande wa kulia, safu ya tatu, na kanisa zima linatazama huko huko.

Nataka tutafakari juu ya gari hilo leo. Mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba jina lenyewe nisiliandike. Ni mzee mwenzangu wa kanisa, ana duka la vifaa vya ujenzi, na tumekaa kwenye kamati moja kwa miaka mingi.

Kabla sijafika kwake, tukiri kitu kimoja. Sisi tunasoma namba za magari kwa bidii kuliko tunavyosoma Neno. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba kibao cha njano ni gari la mtu binafsi na cheupe ni gari la biashara. Ukiona STK unajua ni gari la Serikali, SU ni la shirika la umma, DFP ni la mradi wa wafadhili, na hapo unaanza kukisia posho ya aliyemo ndani. Ukiona W unajiweka sawa, maana ni waziri. NW, naibu wake. Gari lisilo na namba, lenye nembo ya Taifa tu, unalipisha njia na kukaa kimya.

Na hata haya ya kwetu ya kawaida, yanayoanza na T, tumeyatengenezea ngazi. "Amenunua gari." "Namba gani?" Anayeuliza hivyo hataki tarakimu, anataka herufi ya kwanza baada ya tarakimu: ni A, ni B, ni C, ni D, au ni E? Maana herufi zinakwenda kwa zamu ya usajili, na mwenye namba E anahesabiwa kuwa juzi tu alikuwa bandarini akilitoa gari lake. Gari lenyewe huenda limezunguka Japani miaka kumi na tano kabla ya kupanda meli, lakini herufi ni mpya, na sisi tunaheshimu herufi. Nimewahi kuona mtu akiegesha namba A yake nje ya uzio wa kanisa, chini ya mwarobaini wa jirani, kisha akaingia kwa miguu na Biblia kwapani kama aliyeshuka daladala.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana sheria moja ambayo ningependa wahubiri wetu waijue. Kule namba ya gari inaonyesha mwaka lilipoandikishwa, na mtu anaruhusiwa kununua namba anayoitaka na kuihamishia kwenye gari lake. Lakini haruhusiwi kuweka namba itakayolifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulifanya lionekane la zamani zaidi, ruksa. Na akizisogeza herufi au kuzitenganisha ili zisomeke kama neno fulani, anaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajiuliza mimi mwenyewe ningetozwa ngapi kwa yale ninayoyasogeza ninapoulizwa habari za maisha yangu.

Hapa kwetu namba ya jina inaombwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na si ya bure. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada yake ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10, nayo ni ya miaka mitatu tu. Viwango hivi hubadilishwa bungeni, kwa hiyo anayetaka leo aulize TRA na asinishike mimi. Lakini angalia hiyo miaka mitatu. Jina hulinunui, unalipanga, kama chumba. Muda ukiisha, unalipa tena au gari linarudi kwenye namba yake ya T kama mengine.

Je, ni dhambi? Nimeulizwa swali hili na vijana zaidi ya mara moja, na jibu langu ni kwamba sijaona andiko linalokataza. Fedha ile inakwenda Hazina, na Hazina ndiyo inayojenga zahanati na barabara. Mwezi wa Aprili 2023 kule Dubai namba ya gari P 7 iliuzwa kwenye mnada kwa dirham milioni 55, na fedha hizo zilikwenda kwenye mfuko wa kulisha wenye njaa. Mtu akilisha maskini kwa njia ya majivuno, mimi nitamwachia Mungu apime ni kiasi gani kilikuwa majivuno na kiasi gani kilikuwa chakula. Aliyeshiba amekwisha kushiba.

Lakini liko andiko lingine ambalo haliniachi nikiona magari ya namna hii, nalo ni habari ya Absalomu. Fungua Kitabu cha Pili cha Samweli. Mwanzoni mwa sura ya 15 utamkuta kijana huyu, mtoto wa mfalme, mzuri wa sura, akijipatia gari la kukokotwa na farasi, na watu hamsini wa kukimbia mbele yake. Hamsini! Leo tungeuita msafara, na tungeegesha pembeni ukipita. Kisha nenda sura ya 18, mstari wa 18. Pale tunaambiwa kwamba alipokuwa hai alijisimamishia nguzo katika Bonde la Mfalme, akaiita kwa jina lake mwenyewe, na sababu aliyoitoa ni kwamba hakuwa na mwana wa kulikumbusha jina lake. Na mstari unaotangulia huo unatuambia alivyozikwa: alitupwa katika shimo kubwa msituni, na rundo la mawe likawekwa juu yake.

Zamani nilikuwa nikiihubiri habari hiyo kwa ukali. Jina kwenye nguzo, mwili shimoni, na kanisa linasema amina. Siku hizi naisoma polepole, kwa sababu ya yale maneno ya katikati. Hakuwa na mwana. Ile nguzo haikusimamishwa na kiburi peke yake. Ilisimamishwa pia na mtu aliyeogopa kusahauliwa.

Aliyenifundisha kusoma hivyo ni mzee mwenzangu wa gari lenye jina.

Nilimtania siku moja, tulipokuwa tukihesabu sadaka. Nilimwambia, "Mzee, ile fedha ungetuwekea bati upande mmoja wa jengo." Hakucheka. Akamaliza kufunga noti za elfu mbili mbili, akaniambia habari ya baba yake. Baba yake alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe. Alikuja kama walivyokuja maelfu wengine enzi za mkoloni, kwa mkataba, na watu wa aina yake waliitwa manamba.

Wewe uliyezaliwa juzi huenda unalijua neno hilo kama tusi tu, au hulijui kabisa. Lilitoka kwenye namba. Mtu alisajiliwa, akapewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa asubuhi, akahesabiwa mita za mkonge alizokata, akapewa posho na kuandikwa kwenye kipande chake. "Baba alikuwa akiitwa kwa namba na watu waliokuwa wakiishi naye," mzee mwenzangu aliniambia. "Siku alipofariki, yule karani aliandika namba. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nimesimama pale. Nilijiambia, nikiwa mkubwa, jina hili watalisoma."

Sikumtania tena. Nadhani wewe pia usingemtania.

Na si ajabu kwamba tangu mwanzo suala la namba za magari limekuwa hivi, jina na namba vikivutana. Wengi wetu tunadhani namba zilitangulia na majina yakaja baadaye kwa matajiri. Ilikuwa kinyume. Huko Paris, Agosti 1893, magari yalipokuwa machache kiasi cha kuhesabika, mkuu wa polisi wa jiji alitoa amri kwamba kila gari liwe na kibao cha chuma upande wake wa kushoto, na juu ya kibao liandikwe jina la mwenye gari na anwani yake, pamoja na namba ya kibali. Jina na mahali anapokaa! Jimbo la New York kule Marekani lilipotunga sheria yake mwaka 1901, liliwataka wenye magari waweke herufi za kwanza za majina yao, na kila mmoja alijitengenezea kibao chake. Mwaka 1903 jimbo hilo likahamia kwenye namba, na Uingereza ikaanza utaratibu wake wa namba tarehe 1 Januari 1904.

Sasa fikiri. Kwa nini polisi wa Paris walitaka jina la mtu kwenye gari lake? Ili asifiwe? Hapana. Gari linaweza kumgonga mtu na kutimua mbio. Farasi ukimgonga mtu unasimama kwa shida, unaonekana, unajulikana ni wa nani. Gari linapotea kwenye kona. Jina liliwekwa pale kwa ajili ya yule aliyelala chini barabarani, ajue amtafute nani na wapi.

Hiyo ndiyo kazi ya kibao hadi leo. Ndiyo maana sheria inataka kisomeke, mbele na nyuma, mchana na usiku. Kimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye mwenye gari hatamani kukutana naye. Ukilielewa hilo utawaelewa pia wale wanaofanya kinyume: bodaboda aliyekikunja kibao chake chini ya kiti, lori lililopakwa tope juu ya namba tu na pengine pote ni safi, na vijana wanaojiwekea vile vibao vya herufi zilizoinuka, vya 3D, vilivyochongwa mtaani kwa mtindo wao, mpaka askari wa usalama barabarani wakakwaruzana nao. Adamu alijificha katikati ya miti. Sisi tunajificha katikati ya tope.

(Nisije nikasahau: kuna wapendwa wanaokataa gari kwa sababu tarakimu zake ni 666, na nimeombwa mara mbili kuombea kibao. Niliomba. Lakini Ufunuo sura ya 13 inasema habari za mtu ni wa nani na anamsujudia nani. Hilo halifunguliwi kwa bisibisi.)

Turudi kwa mzee mwenzangu. Alikuwa na namba yake ya jina yapata miaka miwili lilipotokea lililotokea.

Kijana wake wa mwisho, wa miaka ishirini na mitatu, aliliazima gari jioni moja kwenda sendoff ya rafiki yake. Wakati wa kurudi ilikuwa imepita saa sita usiku, na mvua ilikuwa ikinyesha. Upande wa Tegeta, muuza madafu alikuwa akisukuma baiskeli yake kurudi nyumbani na madafu yaliyobaki. Kijana hakumwona. Alimwona alipokuwa amekwisha kumpiga. Alisimama. Hilo amelisema polisi, amelisema mahakamani na amelisema mbele ya wazee wa kanisa, na mimi namwamini: alisimama, akatazama kwenye kioo, akaona barabara haina watu na madafu yanabingirika kwenye maji. Kisha akaondoka.

Nyumbani alisema amegonga mbwa. Bampa lilitengenezwa siku ya pili yake, likapakwa rangi.

Muuza madafu alikuwa amevunjika mguu chini ya goti. Aliokotwa na dereva wa bajaji, akapelekwa kituoni kuchukuliwa PF3, kisha hospitali. Askari walipomuuliza namba ya gari, alisema hakusoma namba. Alisoma jina. Alikuwa ameishia darasa la nne, na tarakimu na herufi za gari linalokimbia zingempita kama zinavyotupita wote. Lakini taa ndogo ya nyuma ilimulika neno, na neno lile lilikuwa jina la mwalimu wake wa shule ya msingi. Hakuweza kulisahau hata angetaka.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ibada ya pili, mlinzi aliniita nje. Nilikuwa zamu. Karibu na gari la mzee mwenzangu walikuwa wamesimama vijana wawili. Mmoja wao, mdogo wake yule aliyeumia, alikuwa amewauliza bodaboda wa vijiwe vitatu, na ilimchukua siku moja na nusu tu kufika kwenye uzio wetu. Alinisalimu kwa adabu. "Shikamoo mzee. Hatukuja kugombana. Tunamtafuta mwenye jina hili."

Hapa, mpendwa msomaji, ndipo inapobidi nijiseme mimi, maana si haki niandike makosa ya mtoto wa watu na kuyaruka yangu. Nilielewa upesi. Nililitazama bampa na rangi yake mpya, nikaelewa. Nami nikafanya nini? Niliwaambia ibada inaendelea, waje Jumatatu ofisini, waandike barua. Nilimwambia mlinzi awasindikize. Niliona nailinda heshima ya nyumba ya Mungu. Kwa kweli nilikuwa nampa rafiki yangu usiku mmoja wa kutafuta wakili, na nilijua hivyo wakati ule ule nikiwa nasema. Kama kibao kingekuwa na tarakimu, ningewaambia vijana wale kwamba wamekosea gari, na dhamiri yangu ingelala. Lakini jina lilikuwa pale linasomeka.

Yule kijana hakubisha. Alisema, "Sawa mzee, tutasubiri barabarani." Wakakaa kwenye ukingo wa mfereji, nje ya geti, juani.

Mzee mwenzangu alitoka akiwa na mkewe na huyo kijana wao. Aliwaona, akaniuliza wale ni kina nani. Nikamwambia ni watu wa mambo ya gari, nitashughulika nao. Akanitazama, kisha akamtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa. Sidhani kama walisemeshana. Alitembea mpaka kwenye ule mfereji, akasema, "Jina hilo ni langu. Niambieni."

Mchana ule ule walikwenda polisi, yeye, kijana na mchungaji. Kijana alikiri. Kesi ilikwenda mahakamani, akalipa faini na kufungiwa leseni. Kwa kuwa gari lilikuwa linajulikana, bima ile ya lazima ikawa na mtu wa kumlipia. Waathirika wa magari yasiyojulikana hawapati hata hiyo, wanabaki na PF3 na deni la hospitali. Kabla bima haijafika, mzee mwenzangu alilipa mwenyewe: upasuaji, chuma cha ndani ya mguu, baiskeli mpya, na chakula cha familia ya watu watano kwa miezi aliyokuwa kitandani. Tulikaa tukazijumlisha siku moja, kwa sababu ya hesabu za bima. Zote kwa pamoja hazikufikia alichokilipia kile kibao. Alikirudia kile kikokotoo mara mbili, kisha akakizima.

Nilikwenda naye hospitali mara tatu. Mara ya pili alimwomba radhi muuza madafu, na akasema maneno niliyoyatarajia, kwamba atakitoa kile kibao, hataki kukiona tena, ni kiburi kilichomletea aibu. Yule mgonjwa alikuwa amelala mguu ukiwa umeninginizwa. Alisema, "Usikitoe, baba. Kingekuwa cha kawaida, mimi nani angenijua?"

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu. Mithali sura ya 22 inaanza kwa kupima jina jema na mali nyingi, na kuchagua jina. Nilikuwa nadhani naelewa jina jema ni nini: jina lisilo na doa, jina ambalo watu wanalitaja kwa heshima kwenye vikao vya harusi. Kwa mtu aliyelala kitandani na mguu hewani, jina jema lilikuwa jina lenye mtu nyuma yake, la mtu anayetoka nje anapoitwa. Na wewe unayelitafakari la kwako, sikuulizi kama lina doa. Nakuuliza, mtu uliyemwumiza akilitaja getini kwako leo, nani atatoka? Ni wewe, au ni mlinzi?

Nami sina haja ya kulilinganisha jambo hili na Maandiko kwa nguvu, linajilinganisha lenyewe. Tunamwabudu Mungu ambaye, Isaya anasema katika sura ya 49, amewachora watu wake katika viganja vyake. Watu wengi tunalisoma andiko hilo kwa faraja, nami nalisoma hivyo. Lakini mtu akiwa na jina lako kiganjani, kila anaponyoosha mkono kufanya kitu, jina lako lipo. Na kuna mahali pengine, Luka sura ya 10, wanafunzi wanarudi wakifurahia mambo makubwa waliyoyafanya, na Bwana anawaelekeza wafurahie jambo lingine, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Huko hakuna anayeandikwa kwa namba. Yule mkata mkonge wa Korogwe ameandikwa kwa jina aliloitwa na mama yake kule Kigoma. Mwanawe alikuwa amelipa fedha nyingi kumrudishia kitu ambacho kwa Mungu hakikupotea hata siku moja. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo najua, mzee. Lakini yule karani hakujua."

Miaka yake mitatu inaisha mwezi ujao. Fomu ya kulipia tena iko mezani kwake dukani, chini ya kopo la misumari, nimeiona. Mkewe anasema liachwe, fedha iende kwenye ada za wajukuu. Yeye mwenyewe amebadilisha mawazo mara nyingi hata sisi tumeacha kumuuliza. Anayesema lilipiwe ni yule kijana. Leseni amerudishiwa, na anasema kama ataendesha gari la baba yake tena, anataka liendelee kusomeka.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha, magari yakabanana kama kawaida, na mzee wa zamu akasogea kwenye kipaza sauti na kikaratasi chake. Safari hii alianza kusoma jina. Hakufika mwisho wake. Kijana alikwisha kusimama, safu ya tatu upande wa kulia, akipapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akatoka kwa njia ya katikati.